Mwewe Hashindwi Angani

Wajukuu zangu, na ninyi wazazi wao mliosimama kule nyuma mkijifanya mnapita njia tu, sogeeni mkae. Sitapaza sauti. Jambo hili nimelisema kiangazi hadi kiangazi, na kila vifaranga wanapoisha naletewa kilio kile kile: mzee, mwewe ametumaliza. Leo nalisema tena, taratibu na kwa mpangilio. Atakayepoteza kifaranga baada ya hapa asinifuate mimi. Amfuate yule aliyekuwa anasinzia nilipokuwa nasema.

Mwewe hana kesi nanyi. Mfalme Rumanyika alipompokea Speke, msafiri Mwingereza, katika nchi hii ya Karagwe mwaka 1861, bila shaka ndege huyu alikuwa juu akizunguka. Leo Karagwe imezaa Kyerwa, tuna wilaya mbili, na yeye anazunguka vile vile, kutoka Nyaishozi na Kayanga hadi Nkwenda, Isingiro na Murongo mpakani. Hajui mpaka wa wilaya wala wa nchi. Anajua ua ulio wazi na ua usio wazi, basi.

Hadithi mnaijua, maana husimuliwa karibu kila kona ya Afrika Mashariki. Mwewe na kuku walikuwa marafiki. Kuku akaazima sindano, wengine husema wembe, akaipoteza. Mpaka leo anachakura chini akiitafuta, na mwewe anajilipa kwa vifaranga. Watoto hucheka hapo. Mtu mzima angesikia jambo jingine: aliyepoteza ni wa chini, na kilichopotea kilipotea chini. Anayedai haji kubishana na mtu, anachukua anakwenda zake. Kila kazi uliyoiahirisha hapa uani, yeye anakuja kuidai.

Basi tumfahamu mdai wetu. Mwewe ni yule wa kahawia, mdomo wake njano, mkia wake una panda na anaupindapinda anapogeuka hewani. Mtazameni vizuri siku moja badala ya kumtukana. Mwili wake kwa kawaida haufiki kilo moja, kwa hiyo kuku mzima hamwezi, na kifaranga aliyekwisha kunenepa ni mzigo kwake. Si mpiganaji huyu, ni mwokotaji. Mtamwona machinjioni akigombea utumbo. Mtamwona juu ya vilima nyasi zinapochomwa, akidaka panzi wanaokimbia moto. Kumbikumbi wakiruka, yupo. Anapotaka kifaranga hatui: anashuka kwa mshazari, ananyoosha mguu, ananyakua, anapanda. Kwa kazi hiyo anahitaji uwazi wa kushukia na uwazi wa kupandia. Mnyime mmojawapo tu, atakwenda kwa jirani asiyehudhuria kikao hiki.

Lakini si kila kifaranga anayepotea amechukuliwa na mwewe. Mnamsingizia sana. Yupo kipanga, mwenye mabawa mafupi na mkia mrefu, anayekaa kimya ndani ya mti na kutoka mara moja. Yule mkubwa wao, mweusi mgongoni, hupenda kujenga kiota kwenye mikaratusi mirefu, ile ile tuliyoipanda kwa ajili ya nguzo na kuni. Chakula chake kikubwa ni njiwa, lakini tembe wako aliyeanza kukua hamwachi. Huyu hahitaji uwazi kama mwewe. Anaweza kupita katikati ya migomba. Yupo kunguru, anayeiba mayai na vifaranga wa siku mbili tatu, tena anatembea kwa miguu kama mwenye nyumba. Na chini wapo nguchiro, kicheche na kenge, ambao mchana mzima hakuna anayewataja kwa sababu hawaonekani angani.

Someni alama kabla ya kuhukumu. Kifaranga mmoja ametoweka mchana, hakuna unyoya wala damu, mama yake amesimama akilia: hapo mwangalie mwewe. Mmekuta manyoya mengi yamenyonyolewa na kutawanywa mahali pamoja chini ya mti: huyo ni kipanga, kwa kuwa yeye hunyonyoa kwanza ndipo ale. Mmeamka asubuhi mkakuta kuku wameng'atwa shingo ndani ya banda: msipoteze muda kutazama mawingu, tafuteni tundu. Na mkikuta kuku wamesinzia, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, wanakufa mmoja baada ya mwingine, huo ni mdondo. Mwewe atachukua wawili watatu. Mdondo hufagia ua mzima na wa jirani. Dawa yake ni kinga: chanjo ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasiougua. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata, changeni majirani mnunue kichupa kimoja, mchanje siku moja. Hilo napita haraka, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa ni rahisi na bado hamlifanyi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hamlipendi.

Nimetazama nyumba zetu. Mbuzi ana banda. Kahawa ina chanja ya kuanikia. Hata pikipiki ina pa kulala, tena inafunikwa. Kuku analala jikoni, au juu ya mti, au chini ya kitanda cha watoto, na vifaranga wake wa jana leo asubuhi wanamfuata mama yao kwenye uwanja uliofagiliwa mpaka unang'aa. Ukiuliza, unajibiwa kuwa kuku ni wa mama. Haya. Kwa kuwa ni wa mama, ndiyo maana baba hana nusu siku ya kukata matete?

Zamani, katika nchi nyingi za maziwa makuu, mwanamke alikatazwa kula kuku na yai. Alifuga, akalisha, akaatamisha, na wengine wakala. Mwiko ule umekwisha, lakini tabia yake imebaki: kuku anahesabiwa kuwa ni jambo dogo la jikoni. Jambo dogo? Daftari la shule linatoka wapi mwezi ambao kahawa haijauzwa? Nauli ya kwenda hospitali Nyakahanga usiku? Mgeni akija, baba huyo huyo anaagiza jogoo akamatwe, wala haulizi jogoo huyo alikuaje mpaka akafika umri wa kukamatwa.

Na liko kubwa kuliko hilo. Mkoa wetu wa Kagera una ndizi, una maharage, una mvua mbili kwa mwaka. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anashiba ndizi na hakui. Yai moja lingemfaa, na yai hilo linatoka kwa mtetea, ambaye jana tu alikuwa kifaranga uwanjani akisubiri bahati yake. Kwa hiyo anayesema mwewe amechukua kifaranga ajue hesabu ya kilichochukuliwa.

Niseme sasa la kufanya. Wala si la fedha nyingi, ndiyo maana linaniudhi.

Kwanza, mfungieni kifaranga utoto wake wote. Kuku huatamia siku 21. Vifaranga wakishatoka, hatari kubwa iko katika wiki nne za mwanzo. Baada ya wiki nane mwewe anaanza kuwaona wazito. Basi kipindi chenyewe kina mwanzo na mwisho, si vita vya maisha. Wiki hizo nne waweke na mama yao ndani ya tenga kubwa, au kizimba cha matete chenye urefu wa hatua mbili tatu, kilichofunikwa juu. Chini weka majani makavu au pumba, uyabadilishe yakilowa. Maji yawe kwenye chombo kifupi wasizame. Chenga za mahindi, dagaa waliosagwa kidogo, mchwa mliowachimbua kwenye kichuguu: hivyo vinatosha. Mama awemo, kwa sababu usiku wa vilima vyetu una baridi na vifaranga wadogo hawana joto lao wenyewe. Mvua ikinyesha kizimba kihamishwe barazani. Waitu, akina mama, hili mnaliweza hata leo. Lililobaki ni mtu wa kukata matete.

Najua kuna atakayesema: kifaranga wa kufungiwa atakuwa mjinga, hatajua kujitafutia. Wahenga walikwisha kumjibu mtu huyo kabla hajazaliwa: mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Mfungulie akiwa na wiki tano au sita, utaona kama anahitaji mwalimu.

Mwenye matetea wawili au watatu awaatamishe siku moja. Wakiangua, usiku, gizani, mpe mmoja wao vifaranga wote, hatawahesabu. Wale wengine watarudi kutaga mapema, kwani kuku asiye na watoto hakai bure miezi miwili mitatu akizunguka nao. Hapo umepunguza vizimba na umeongeza mayai, na hakuna jiwe lililorushwa angani.

Pili, wafungulie kwenye maficho. Usafi wa uwanja nausifu, sitaki nyoka mlangoni. Lakini ua mzima ukiwa mtupu kama sahani, kifaranga atakimbilia wapi? Acheni upande mmoja wenye vichaka vifupi. Wekeni matawi makavu yaliyolazwa juu ya mawe au magogo, yawe mapango madogo ambamo kifaranga anapita na mwewe hapiti. Rudini kwenye migomba. Kibanja kilichoshonana, chenye migomba iliyofunika juu na matandazo chini, ndiyo nyumba ya kwanza ya kuku wa Karagwe. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, wengi waling'oa mashina, na ilikuwa lazima. Lakini wapo ambao hawakurudishia. Uwazi ule waliuacha mpaka leo, na mwewe ameupata. Panda tena miche safi karibu na nyumba. Utakula ndizi na utafunika kuku.

Tatu, funga anga la uani. Mwenye uwezo anunue wavu. Asiye nao atafute nyavu chakavu za wavuvi, au asokote kamba za migomba, ambazo haziuzwi na mtu. Zitandazwe juu ya mahali pa kulishia, kutoka mti hadi mti au nguzo hadi nguzo, huku na huku zikikatana, nafasi isizidi mkono mmoja, na vitambaa vichache vikining'inia. Mwewe ana mabawa mapana. Hapendi kushuka mahali asipo na hakika ya kupanda. Ila kipanga mdogo anaweza kupenya, hivyo kamba si badala ya kizimba. Nasema hili mapema ili asije mtu kunishtaki.

Nne, msimwalike. Mnachinja, matumbo na vichwa mnavitupa nyuma ya nyumba, mwewe na kunguru wanakuja kula, kesho wanarudi kuuliza kama kuna kingine, na wanakuta vifaranga. Fukieni. Panya mliyemuua mfukieni. Anayekaribishwa chakula mlangoni haitwi mwizi.

Tano, mwacheni jogoo azeeke kidogo. Mnauza majogoo wote Omurushaka wakiwa bado wanajifunza kuwika, kisha mnashangaa ua hauna mlinzi. Jogoo mzuri hutazama juu kwa jicho moja huku wengine wanakula. Akiona kitu angani hutoa sauti ndefu nyembamba, na kuku wote hujilaza au hukimbilia majani. Akiona mbwa au nguchiro hulia kwa kukatakata, na kuku wote huinua vichwa. Jifunzeni sauti hizo mbili, ninyi mnaobaki nyumbani. Mtoto anayezijua atatoka na kupiga kelele wakati unaofaa, si baada ya manyoya. Na mama kuku mchagueni: yule mkali, wa madoadoa ya kahawia anayefanana na ardhi, ndiye wa kuachiwa watoto. Yule mweupe mnayempenda kwa uzuri anaonekana kutoka kilima cha pili. Na baadhi ya kuku hao wa kisasa wanaoletwa na magari hutaga vizuri, lakini hawajui kuatamia wala kuficha mtoto. Wafugeni ndani, msiwape kazi wasiyozaliwa nayo.

Sita, chungeni saa. Jua likipanda na ardhi ikipata joto, hewa hupanda, na mwewe hupanda nayo bila kupiga bawa. Saa nne, saa tano asubuhi, saa ambayo nyumba nzima iko shambani, ndiyo saa yake. Vifaranga wakubwa wafungulieni wakati yupo mtu uani. Kama hakuna mtu, wabaki kizimbani mpaka mtakaporudi.

Kuhusu sanamu, makopo na visahani vya muziki vinavyomeremeta, sikatai. Vitawasaidia siku chache. Mwewe akishaona kuwa mtu yule wa nguo kuukuu hajawahi kuinua mkono, atatua begani kwake. Mkiviweka, vihamisheni kila baada ya siku mbili tatu. Na wale wanaowapaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau ili mwewe asiwatambue: fanyeni mkipenda, lakini si rangi ya mafuta ya kupakia milango, na msiache kizimba kwa kutegemea rangi.

Sasa nasema na vijana, na hapa ninyamaziwe.

Kuna mmoja wenu ananong'ona habari ya kupaka sumu kwenye mzoga wa kuku ili mwewe ale afe. Amepata wapi akili hiyo sijui. Sumu haichagui. Itamuua mbwa wa nyumbani, nguruwe wa jirani, kuku watakaokula mabuu kwenye mzoga ule, na Mungu apishe mbali, mtoto anayetambaa. Itamuua tumbusi, ambaye kifaranga wako hajui hata kama yupo. Tuna hifadhi mbili za taifa zilizotangazwa mwaka 2019, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na ndege wa kule hawana kibali cha kutotoka nje. Wanakula huku na kule. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi mtu ruhusa ya kuua ndege wa porini kwa hasira zake.

India walipoteza tumbusi wao kuanzia miaka ya 1990, si kwa kuwachukia, bali kwa dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iitwayo diklofenaki. Tumbusi wakila mzoga wa ng'ombe huyo, figo zinaharibika wanakufa. Dawa ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini sehemu kubwa ya tumbusi ilikuwa imekwisha. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wakaongezeka. Wale walikosea bila kujua. Ninyi mnataka kukosea mkijua.

Na hizo manati. Mnapiga kila chenye mdomo uliopinda. Yule ndege mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anayekaa juu ya nguzo pembeni mwa shamba, ni tai wa panya. Kutwa nzima anatazama chini akitafuta panya, panya yule yule anayekula maharage yenu ghalani na mahindi yenu kabla hayajakauka. Mmempiga mawe kwa kosa la mwewe. Bundi naye mnamuua kwa habari za uchawi, na kila usiku alikuwa akiwapunguzia panya bila kudai mshahara. Mkiwamaliza hao, mtanunua sumu ya panya dukani, na kuku atamla panya aliyekula sumu. Kisha mtakuja kwangu kuniambia mwewe ametumaliza.

Hata mwewe mwenyewe mkimpiga mmoja mkamwangusha, ua wenu utabaki wazi vile vile na mwingine ataliona pengo kabla jua halijazama. Anga la Karagwe na Kyerwa ni pana kuliko mikono yenu. Uani kwako ni padogo, unapaweza. Ndiyo maana nasema kila mara, na nimechoka kusema: mwewe hashindwi angani, anashindwa chini, kwa matete, kwa kamba, kwa kichaka na kwa jicho la mtu aliyebaki nyumbani. Hata hapo atachukua mmoja mara moja moja. Mwachieni huyo bila matusi. Mfugaji asiyekubali kupoteza hata kifaranga mmoja aanze kufuga mawe.

Haya, tuagane kwa kazi. Mama mwenye kuku anayeatamia aniambie ni siku gani anatazamia vifaranga, tujue nani aanze. Akina baba, matete yako bondeni na panga mnazo. Kizimba ni kazi ya mchana mmoja, na mkisaidiana nyumba tatu ni rahisi zaidi. Vijana, manati ziwekwe hapa kwenye mkeka kabla hamjaondoka, zote, na ile iliyofichwa mfukoni pia. Jumapili nitapita nyumba kwa nyumba na fimbo yangu. Sitauliza mwewe amechukua wangapi. Nitauliza kizimba kiko wapi, na asiye nacho asinitolee kiti.